Lita 50 za Cape Town

Mhariri,

Dunia imejaa maji, lakini yasiyo na chumvi ni takriban asilimia 2.5 tu, na mengi ya hayo yameganda kuwa barafu.

Wakazi wa Cape Town, Afrika Kusini, walionja uhaba huo baada ya ukame wa miaka mitatu. Kuanzia Februari 2018 kila mtu alipangiwa lita 50 kwa siku. Watu walioga wamesimama ndani ya beseni, na maji yale yale yakamwagwa chooni. Sehemu kubwa ya bwawa kubwa la Theewaterskloof iligeuka uwanja wa mchanga.

Ilihofiwa kuwa mabomba ya jiji yangefungwa, lakini hayakufungwa: wakulima walipunguziwa mgawo, wakazi wakabana matumizi, kisha mvua za katikati ya mwaka zikanyesha.

Je, baada ya funzo hilo, mamlaka za maji Afrika Mashariki zinangoja nini kuziba mabomba yanayovuja?

Msomaji,
Morogoro