Uzamili wa Biashara au wa Uhasibu: Tuchague kwa Kupima Dhamana

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuitumia dukani, lakini uzito wake huonekana zaidi pale mali inapokuwa ya umma. Ndiyo maana swali ambalo vijana wetu wa Uganda huuliza kila mara, la kusoma uzamili wa usimamizi wa biashara au uzamili wa uhasibu, halimhusu mwanafunzi na mzazi wake peke yao. Linamhusu kila raia alipaye kodi.

Tuanze kwa kutofautisha mambo. Uzamili wa usimamizi wa biashara, ambao ulianzia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1908, humpa mwanafunzi mawanda mapana: masoko, fedha, uongozi wa watu, mikakati na sheria za biashara. Humwandaa mtu kuamua mambo yanayogusa idara nyingi kwa wakati mmoja. Uzamili wa uhasibu huchimba kisima kimoja kwa kina: viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, ukaguzi, kodi, na namna ya kufichua udanganyifu uliofichwa katika tarakimu. Wa kwanza hufundisha kuuliza, "Twende wapi?" Wa pili hufundisha kuuliza, "Fedha zilikwenda wapi, na ushahidi uko wapi?"

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Nchini Marekani, kwa miaka mingi majimbo yalimtaka anayetafuta leseni ya uhasibu awe na saa 150 za masomo ya chuo, ilhali shahada ya kwanza kwa kawaida huwa na saa 120. Uzamili wa uhasibu ukawa daraja la kuziba pengo hilo. Kwetu njia ni nyingine. Anayefungua mlango wa taaluma ni Taasisi ya Wahasibu wa Umma wa Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na ufunguo wake ni mitihani ya taasisi hiyo. Hata makubaliano ya kutambuana ambayo taasisi za wahasibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mwaka 2011 yanahusu vyeti vya taaluma. Kwa hiyo, anayekopa fedha za chama cha akiba akidhani kwamba uzamili wa uhasibu peke yake utamfanya mhasibu aliyesajiliwa, anakosea njia kabla ya kuanza safari.

Katiba yetu ya mwaka 1995 inatufundisha somo katika jambo hili. Ibara ya 163 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu awe mhasibu aliyefuzu, mwenye uzoefu usiopungua miaka 15, na mtu mwenye maadili mema na uadilifu uliothibitika. Waliotunga ibara hiyo walitambua kwamba ulinzi wa fedha za umma hauwezi kuachiwa mtu mwenye maarifa ya juujuu. Tazama sasa upande wa pili. Wilayani, afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa Bunge kwa kila shilingi, ni Afisa Mkuu Mtawala, na si lazima awe mhasibu. Kazi yake ni kuongoza shule, zahanati, barabara na watumishi kwa pamoja. Huyu anahitaji upana. Lakini akitia sahihi asichokielewa, Ibara ya 164 inasema kwamba anayeelekeza au kuridhia matumizi ya fedha za umma kinyume cha maagizo atawajibika kwa hasara na kuilipa, hata akiwa ameshaondoka madarakani.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kijana anayetaka kuwa mlinzi wa hesabu na amalize kwanza mitihani ya taaluma. Kisha, akitaka kubobea katika ukaguzi, kodi au kufundisha chuoni, uzamili wa uhasibu utamfaa. Mhasibu aliyekwisha sajiliwa na anayeona kwamba kesho ataongoza taasisi nzima, asirudie kisima kilekile. Uzamili wa biashara utampa macho mapya. Naye mhandisi, mwalimu au mganga aliyepewa idara ya kuongoza asome biashara, ila asikwepe somo la hesabu, kwa maana ndilo litakalomwokoa siku ya kuitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma.

Wapo watakaosema kwamba uzamili wa biashara una jina na hufungua milango mingi zaidi. Ni kweli kwamba unatambulika kila mahali. Hata hivyo, jina halikagui vocha. Mtu akichagua shahada kwa sababu ya heshima ya herufi zinazofuata jina lake, gharama haimwishii yeye. Hufika hadi kwa mgonjwa anayekosa dawa ambayo hesabu zinadai ilinunuliwa.

Kabla ya kujaza fomu, mwanafunzi ajiulize: nitakapomaliza, nitakabidhiwa nini, na nani atakuja kunidai maelezo? Akishapata jibu, kuchagua kozi hakutamsumbua sana.