Calestous Juma Alilipwa Kubishana Kuhusu Teknolojia. Sasa AI Imefika, Nani Anatubishia?

Ambia mzazi wako unataka kusomea sera ya teknolojia na maadili ya AI uone sura yake. Udaktari anaujua, uwakili anaujua, hata msee wa kurekebisha simu pale River Road anamwelewa. Lakini hii? Atakuuliza tu kama inalipa. Kisha atauliza kama hiyo ni kazi ama ni kuongea.

Ni kuongea, kwa kiasi fulani. Lakini kuna Mkenya alijenga maisha yake yote hapo: Calestous Juma, kijana wa Port Victoria, Busia. Alianza kama mwalimu wa primo, akaingia Daily Nation kuandika stori za sayansi na mazingira, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na kutoka na udaktari wa sera ya sayansi na teknolojia mwaka 1987. Mwaka uliofuata alianzisha hapa Nairobi kituo cha utafiti kinaitwa ACTS, na bado kiko. Baadaye akaongoza sekretarieti ya mkataba wa UN kuhusu bioanuwai, akamalizia Harvard kama profesa. Aliaga Desemba 2017, kabla hizi stori za ChatGPT hazijaanza.

Kitabu chake cha 2016, Innovation and Its Enemies, kinauliza mbona watu hukataa vitu vipya. Kuna sehemu ya muziki hapo ambayo DJ yeyote anafaa kuisoma. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki Marekani kiligoma kurekodi, juu redio na mashine za santuri zilikuwa zinachukua nafasi ya bendi. Mgomo ukapita miaka miwili. Ukisikia hivyo utasema hao wazee walikuwa washamba. Juma alisema hapana. Watu hukataa teknolojia wakiona faida inaenda kwa wachache huku hasara ikimwagiwa kila mtu. Hiyo si ushamba, hiyo ni hesabu.

Sasa chukua hiyo hesabu uilete hapa Nairobi.

Januari 2023 jarida la TIME lilitoa stori ya vijana wa hapa waliosoma maandishi machafu sana, ya dhuluma za watoto na mauaji, ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Mkononi walikuwa wanapata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kulingana na TIME. Mkataba wa OpenAI na Sama, kampuni iliyowaajiri, ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Piga hiyo hesabu pole pole.

Miezi michache baadaye tukapanga laini KICC kupigwa picha ya macho na Worldcoin, juu kulikuwa na tokeni za kama Sh7,000. Sicheki mtu, Sh7,000 ni rent ya bedsitter. Serikali ilisimamisha hiyo kitu Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data ya macho na nyuso za Wakenya ifutwe ndani ya siku 7. Moja ya sababu: kampuni haikuwa imefanya tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Hapo ndipo hii kazi iko. Mtu fulani aliketi akaandika kwa sheria kwamba lazima hiyo tathmini ifanywe, wakati wengi wetu tulikuwa busy na gengetone. Halafu mtu mwingine akaisoma vizuri, akaipeleka kortini. Kwa hizo stori mbili vijana walikuwa kwa skrini na kwa laini. Kwa meza ya kuandika masharti walikuwa wachache sana.

Usidhani ni kazi laini lakini. Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, aliandika utafiti na Joy Buolamwini mwaka 2018 wakaonyesha programu za kutambua sura zinakosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na asilimia 0.8 pekee kwa wanaume weupe. Google ikamweka kuongoza timu ya maadili ya AI pamoja na mwenzake. Desemba 2020 akatoka huko kwa fujo, juu ya andiko lililokosoa hizi AI kubwa za lugha. Yeye anasema alifutwa, Google ikasema alijiuzulu. Mwaka mmoja baadaye akafungua taasisi yake mwenyewe, DAIR.

Kwa hivyo swali la mzazi si baya, linahitaji tu kugeuzwa: nani anakulipa, na atafanya nini ukimkosoa? Pesa nyingi za utafiti huku kwetu hutoka nje, zingine kwa kampuni zile zile za teknolojia. Mimi campo niliiacha njiani kwa hivyo sikuuzii digrii. Lakini kama uko form four na unapenda kubishana, jua hii njia haidai uwe koda. Wengine huingilia sheria, falsafa, uchumi, hata uandishi wa habari kama Juma.

Na kazi iko. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa AI wa 2025 hadi 2030. Mkakati si sheria, kwa hivyo sheria zenyewe bado zitaandikwa, na wabunge watahitaji mtu wa kuwaelezea.

Ukidhani haikuhusu, uliza Casa Vera. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga hiyo klabu faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake.