Pindo la Picha Lisile Mji

Huku Johannesburg baridi ya Juni imeanza kuuma na blanketi zimetoka kabatini. Mwezi huu nataka tuzungumze jambo dogo lililotutia matatani nyumbani kwetu: mapambo ya pembeni mwa picha. Tuyaweke au tusiyaweke?

Binti yangu anaolewa Septemba, inshallah. Mchumba wake ni kijana wa Soweto, na wawili hao wamekubaliana kwamba ukumbini kuwe na ukuta mmoja wa picha za wazee wa pande zote mbili. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba picha zenyewe hazifanani hata kidogo. Nyingine nyeusi na nyeupe, nyingine zimepauka hadi rangi ya chai, nyingine ndogo kama kibiriti. Binti akaona dawa ni kuzivisha sare. Akapakua programu kwenye simu, akachagua pindo la waridi za dhahabu, akaanza kazi.

Ya kwanza ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, iliyopigwa studio mjini Tanga mwaka 1958. Ni picha ndogo, kingo zake zimekatwa mawimbi mawimbi kama nyingi za zama zile. Bibi ameketi kitini, kanga begani, mikono magotini, ameikazia kamera macho. Ilipotoka na waridi zake, nakiri, niliipenda. Bibi alionekana malkia. Tukaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Haikupita robo saa, sauti ya shangazi ikaingia kutoka Tanga. "Mjukuu wangu, kazi nzuri, Mungu akubariki. Ila mimi umenipeleka wapi?"

Tukatazamana. Nikaitoa picha yenyewe kwenye bahasha. Kushoto kabisa, nusu ndani nusu nje, yuko mtoto wa miaka sita, mkono mmoja umeshika kanga ya bibi. Ndiye shangazi. Siku hiyo hakutakiwa apigwe, maana pesa zilitosha picha moja tu, ya mama yake peke yake. Lakini alimponyoka dada yake akamkimbilia mama, na mpiga picha akabonyeza wakati huohuo. Ndiyo picha pekee ya utoto wake. Programu ilitaka picha ya mraba, kwa hiyo ikakata kushoto na kulia, na kilichosalia cha mtoto kikafunikwa na waridi. Mimi nilijua siku zote kwamba yumo. Hata hivyo, macho yangu yaliifuata dhahabu, nisimkumbuke.

Binti alimpigia shangazi akamwomba radhi huku analia. Akaapa kwamba haweki tena ua hata moja, ukuta mzima utakuwa mtupu. Nami nikamuunga mkono. Nikajiambia kwamba picha ya mzee haihitaji kuremba.

Jumapili iliyofuata tukaenda Soweto kwa wakwe. Bibi wa mchumba, ambaye wao humwita gogo, ana zaidi ya miaka themanini. Tulipomweleza habari ya picha, akaingia chumbani akarudi na mbili zake. Ya kwanza ndogo, uso mtupu, ukuta mtupu. Ilikuwa ya kitabu cha pasi, ule dompas ambao serikali ya ubaguzi ililazimisha Waafrika kutembea nao. Wanawake waliukataa hadi wapatao 20,000 wakaandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, lakini mwishowe nao walilazimishwa. Ya pili alipigwa Joubert Park, katikati ya jiji hili, ambako wapiga picha walikuwa wakingoja wateja bustanini, kila mmoja na mahali pake. Amevaa kofia na glavu. Kuizunguka picha hiyo alishona maua ya karatasi kwa mkono wake, na bado yapo.

Mjukuu wake akatutafsiria maneno yake: "Ile walinipiga wao. Hii nilipigwa kwa pesa yangu. Ile haikuwa na ua."

Basi nikanyamaza. Nilikuwa nimeyaona mapambo kama utoto, kumbe kwa mama huyu yalikuwa ndiyo heshima yenyewe. Santu Mofokeng, mpiga picha mzaliwa wa Soweto, alikusanya picha za zamani za familia za Waafrika wa nchi hii, za kati ya miaka 1890 na 1950, ambazo wenyewe walikwenda kupigwa wakiwa wamevaa vizuri. Ukizitazama utaelewa gogo alichosema. Na sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuwacheka wapenda mapambo. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata na kuunganisha picha studioni mwake, mteja akatokea katikati ya urembo ambao hakuwahi kusimama nao.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nalo nimelitoa kwenye kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka pande zote nne, na mara nyingi huwa limejaa nakshi. Hakuna anayelalamika, kwa sababu pindo lina mahali pake na mji una mahali pake. Picha nayo ifanyiwe hivyo. Weka waridi, weka dhahabu, lakini pindo lisile mji.

Hata pindo jeupe la picha za zamani halikula kitu. Katika chumba cha giza karatasi ilibanwa kingoni isisogee, mwanga haukufika pale, pakabaki peupe. Zile picha za Polaroid za kujitokeza zenyewe, zilizoenea baada ya kamera ya SX-70 kutoka mwaka 1972, zina weupe mpana chini kwa sababu dawa ya kusafishia picha ilifungwa humo. Picha ilibaki nzima ndani ya weupe wake.

Kama nawe unaandaa picha za wazee, fanya haya. Kwanza, piga nakala ya picha nzima pamoja na kingo zake, kisha igeuze upige na nyuma. Nyuma ya picha ya bibi pameandikwa mwaka kwa penseli, na bila hapo tusingeujua. Pili, hifadhi nakala hiyo bila kuigusa, ufanyie mapambo nakala nyingine. Tatu, programu ikikulazimisha mraba, ikatae, utafute inayoongeza nafasi nje ya picha badala ya kukata ndani. Nne, ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Tano, picha ya asili usiipake gundi wala kuibandika utepe. Kata dirisha kwenye karatasi ngumu isiyo na asidi, upambe karatasi hiyo utakavyo. Na kabla ya kuchapisha, mwonyeshe mzee mmoja anayeijua picha, umuulize nani yumo.

Binti ameifanya upya. Bibi yuko katikati, shangazi yuko kushoto na mkono wake kwenye kanga, na waridi zote zimehamia kwenye karatasi ya nje. Itatundikwa jirani na ya gogo yenye kofia na glavu. Ile ya pasi gogo ameirudisha chumbani. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza.

Shangazi ameagiza nakala mbili. Yenye maua ni ya sebuleni, wageni waione. Isiyo na maua anasema ni yake, ataiweka ndani ya msahafu.

Tuonane mwezi ujao, tukijaaliwa. Salamu kwa wazee wote walioko kingoni mwa picha zenu.