Kaktusi Iliyosahauliwa

Kaktusi iliyosahauliwa pembeni mwa chumba mara nyingi hufa siku ile inapokumbukwa. Mtu huiona imenyauka, huingiwa na huruma, akaimiminia maji tele na kuianika juani. Huruma ya namna hiyo huua.

Asili ya mmea huu ni Amerika. Majani yake yamegeuka miiba, na maji huyaweka akiba ndani ya shina. Kwa hiyo kiu huivumilia muda mrefu, lakini mizizi iliyodhoofika ikilowekwa huoza. Nasi hapa Bunia, penye mvua nyingi, udongo wa chungu hukawia kukauka.

Anayetaka kuihuisha na aing'oe taratibu, akate mizizi iliyooza kwa kisu safi, aiache ikauke kivulini siku kadhaa, kisha aipande katika udongo wenye mchanga mwingi, ndani ya chungu chenye tundu chini. Aisogeze kwenye mwanga kidogo kidogo; amwagilie tu udongo ukishakauka kabisa.

Makovu yake hayatafutika, ila chipukizi jipya litatokea. Kilichopuuzwa miezi mingi hakiponi kwa siku moja. Tumrudiapo mwenzetu tuliyemwacha peke yake, uaminifu wa kila juma utamfaa kuliko wema wa ghafula.