Kabla ya kombe kuna nauli: Nani hulipia kipaji cha muziki wa klasiki?

Mei 19, 2018, wakati Prince Harry na Meghan Markle wakitia saini daftari la ndoa pale Windsor, kamera zilimgeukia kijana wa miaka 19 aliyeketi na selo mbele yake, ile ala yenye umbo la fidla kubwa inayopigwa ikiwa katikati ya magoti. Alipiga vipande vitatu. Kabla sherehe haijaisha, watu walishaanza kuulizana mitandaoni: huyu dogo ni nani?

Jina lake ni Sheku Kanneh-Mason, mzaliwa wa Nottingham, Uingereza. Mama yake alizaliwa Sierra Leone, baba yake ana asili ya Antigua. Mwaka 2016, akiwa na miaka 17, alishinda BBC Young Musician, mashindano ya wanamuziki vijana yaliyoanza 1978. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kulibeba taji hilo.

Kwa wengi stori inaishia hapo. Kijana ana kipaji, ameingia mashindanoni, ameshinda, amealikwa harusi ya kifalme. Stori tamu, lakini imeanzia mwisho. Ukitaka kujua kwa nini vijana wengi wenye vidole vizuri hawafiki popote, inabidi urudi nyuma miaka kumi kabla ya hilo kombe.

Safari za Jumamosi

Sheku alianza selo akiwa na miaka sita. Alipofika miaka tisa alifaulu mtihani wa daraja la 8, la juu kabisa katika mitihani ya kawaida ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Akapata nafasi kwenye idara ya watoto ya Royal Academy of Music jijini London, chuo kilichoanzishwa 1822, ambako masomo ya watoto hufanyika Jumamosi.

Sasa piga hesabu. Nottingham hadi London ni kama kilomita 200, yaani karibu sawa na Dar es Salaam hadi Morogoro. Kila Jumamosi ya muhula familia inaamka alfajiri, inapanda treni, mtoto anasoma siku nzima, wanarudi usiku. Na Sheku hakuwa peke yake: wako saba nyumbani na wote wanapiga ala.

Alichokuwa nacho ni ufadhili wa ABRSM kwa ajili ya masomo yake ya utotoni pale chuoni. Dada yake mkubwa, mpiga piano Isata, naye alipokuwa chuo hicho hicho alipata ufadhili wa Elton John. Na huyo Elton John mwenyewe aliingia idara ya watoto ya chuo hicho akiwa na miaka 11, kwa ufadhili.

Zingatia kitu kimoja: hawa hawakuwa fukara. Mama alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Hata hivyo, bila mtu mwingine kushika upande wa ada, ni vigumu kuona familia ya watoto saba ingebebaje mzigo ule mwaka baada ya mwaka. Kama wao walihitaji kushikwa mkono, mtoto wa dereva wa bodaboda je?

Mashindano hupima nini hasa?

Tusiyadharau mashindano. Yanafungua milango. Baada ya ushindi wa 2016 Sheku alisaini na kampuni ya kurekodi ya Decca, na albamu yake ya 2020 yenye kazi za Elgar iliingia kumi bora za chati ya albamu Uingereza, jambo ambalo kwa mpiga selo halikuwahi kutokea.

Lakini jaji anayekaa mezani siku ya fainali anasikia dakika chache za matokeo ya miaka mingi ya matumizi. Mtoto anayejifunza fidla huanza na ndogo, robo au nusu, kisha inabadilishwa kadiri anavyokua. Nyuzi huchakaa. Upinde unahitaji kuwekwa manyoya mapya. Mwalimu analipwa kwa saa. Akianza kushindana kuna ada ya kujisajili, kurekodi video nzuri ya mchujo wa kwanza, kumlipa mpiga piano wa kumsindikiza, kisha viza na tiketi. Mpiga selo akipanda ndege mara nyingi hukata tiketi mbili, moja yake na moja ya selo, maana kuitupa kwenye mizigo ni kucheza kamari.

Kwa hiyo shindano halichagui tu nani anapiga vizuri. Kwanza limeshachuja nani aliweza kugharamiwa mpaka akafika pale, na mchujo huo haufanywi na majaji.

Halafu kuna bahati ya siku. Mwaka 1980, kwenye Mashindano ya Chopin jijini Warsaw, mpiga piano Ivo Pogorelich alitolewa kabla ya fainali. Martha Argerich, bingwa wa 1965 aliyekuwa mmoja wa majaji, aliondoka kwenye jopo kupinga uamuzi huo. Majaji wale wale, ukumbi ule ule, piano ile ile, na bado hawakukubaliana kama wanamsikiliza mtu mwenye kipaji cha ajabu au anayeharibu. Pogorelich aliendelea kuwa maarufu duniani. Aliyekuwa na mwalimu mzuri na pa kuishi anaweza kuhimili kutolewa. Aliyekopa nauli ili ashindane hana uvumilivu huo.

Ufadhili nao una sura mbili

Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Vyuo vingi vya muziki vina pesa za aina mbili. Kuna inayotolewa kwa uwezo: unapiga mbele ya jopo, wakikupenda unapewa, hata kama baba yako ana majumba. Na kuna inayotolewa kwa uhitaji: wanaangalia kipato cha nyumbani.

Ile ya kwanza ndiyo inayotangazwa sana kwa sababu inakipa chuo sifa. Lakini ukweli ni kwamba nayo ni mashindano, ila hayana jukwaa wala makofi. Mtoto aliyelipiwa walimu wazuri tangu utotoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuipata. Msaada unamfuata aliyeshasaidiwa.

Wapo walioamua kuondoa ada kabisa. Curtis Institute of Music ya Philadelphia, Marekani, haimtozi mwanafunzi ada ya masomo tangu 1928. Shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Yale ilifuata mwaka 2005 baada ya kupewa zawadi ya dola milioni 100. Ni hatua kubwa. Bado unatakiwa kufika mlangoni ukiwa tayari unapiga kwa kiwango cha juu, na kiwango hicho hakipatikani kwa mwaka mmoja.

Kwetu pesa huja kwa kuchelewa

Turudi nyumbani. Tanzania tuna HESLB, Kenya kuna HELB. Zote ni za mikopo ya elimu ya juu, kwa kijana aliyeshamaliza sekondari. Kwa udaktari au uhandisi mpango huo unaeleweka, unaanza chuo na unafundishwa. Kwa fidla haufanyi kazi hivyo. Vidole na sikio hujengwa kuanzia miaka sita, saba, nane. Ukifika 19 ndiyo unashika ala mara ya kwanza, unaweza kuufurahia muziki maisha yako yote, lakini mbio za akina Sheku zimeshakupita.

Majukwaa si kwamba hatuna. Kenya Music Festival ilianza 1927, na kila mwaka shule kwa maelfu ya wanafunzi hupanda jukwaani. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu 1944. Mitihani ya ABRSM inafanyika Kenya na Tanzania pia. Yaani mzazi wa Nairobi anayelipia mtihani wa piano wa binti yake analipa kwa shirika lile lile lililomfadhili Sheku kule London. Si kosa la mtu, ila inakuonyesha tunachonunua hapa ni cheti, wakati ufadhili wenyewe unapatikana kwenye vyuo vya Uingereza.

Kilichopungua ni katikati: kati ya mtoto anayeng'ara kwenye tamasha la shule na kijana aliye tayari kwa usaili wa chuo.

Ghetto Classics imejaribu kuziba pengo hilo. Tangu 2008 watoto wa Korogocho, mtaa ulio jirani na jalala la Dandora, wanafundishwa fidla, tarumbeta na ala nyingine, na wanapewa ala za kutumia. Wanaanza wakiwa wadogo na hakuna anayewataka washinde kwanza ndipo wafundishwe.

Zanzibar inatupa upande wa pili wa somo. Dhow Countries Music Academy ilifunguliwa 2002 Mji Mkongwe, ikifundisha taarabu na ala zake, udi, qanuni, fidla. Hiyo ndiyo klasiki ya kwetu. Mwaka 2019 ikawa habari kwamba chuo kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, wafadhili wamepungua na ada ya kama dola 13 kwa mwezi inawashinda wanafunzi wengi. Dola 13! Vipaji vilikuwepo, walimu walikuwepo. Kilichokosekana ni kiasi ambacho wengine hutumia kwa bando la mwezi.

Maswali matatu ya kuuliza

Siku hizi kampuni ikitangaza "ufadhili wa vipaji" tunapiga picha na hundi kubwa ya karatasi, tunaposti, tunasahau. Mara nyingine, kabla ya kushea, uliza haya:

1. Unaanza umri gani? Kama unaanza miaka 18, kwa muziki wa klasiki umewaacha nje wengi waliouhitaji zaidi.

2. Unalipia nini zaidi ya ada? Ada bila ala, nyuzi na nauli ni nusu ya msaada. Hata leo Sheku anapiga selo ya mwaka 1700 aliyoazimwa. Bingwa wa dunia anaazimwa ala, mtoto wa darasa la tatu asiazimwe kwa nini?

3. Unadumu miaka mingapi? Zawadi ya shindano hutolewa siku moja. Mwanamuziki hutengenezwa kwa miaka kumi na zaidi.

Na kwa waandaaji wa mashindano: badala ya kumpa mshindi mmoja pesa zote, sehemu ya zawadi iwe masomo ya mwaka mzima, tena yawafikie na walioishia nusu fainali. Hao ndio mara nyingi huacha muziki kimya kimya, na hakuna anayewahesabu.

Sheku mwenyewe analijua hilo. Baada ya kushinda alitoa pauni 3,000 kwa shule yake ya zamani Nottingham ili wanafunzi kumi waweze kuendelea na masomo ya selo. Hakuanzisha shindano la kutafuta Sheku mwingine. Ukigawanya ni pauni 300 kwa kila mtoto, na hakuna kati yao aliyelazimika kushinda chochote ili azipate.