Kabla hujalala kwenye gari, uliza choo kiko wapi

Likizo ya Juni inakaribia, na najua wapo kati yenu wanaopiga hesabu ya kwenda kijijini na watoto kwa gari lao badala ya basi. Wapo pia, hasa vijana, walioona mitandaoni yale magari ya kulalia yenye kitanda, jiko na mapazia ndani, wakajiuliza kwa nini nasi tusifanye hivyo. Unatoa viti vya mwisho kwenye Noah, unalaza vya kati usiku, unatandika godoro, na hela ya gesti inabaki mfukoni.

Sisi tulifanya hivyo mwaka jana. Nawasimulia tulivyokosea kwa sababu gari lenyewe halikuwa na kosa. Tulikosea kuchagua mahali pa kulala, na aliyeumia ni mama yangu.

Tulikuwa watano: kaka yangu akiwa dereva, wifi, mtoto wao wa miaka miwili, mama na mimi. Tulikuwa tunakwenda Chiungutwa, wilaya ya Masasi, kwa bibi mzaa mama, ambaye hatukuwa tumemwona tangu mazishi ya babu. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni karibu kilomita 600, na mabasi yanayoondoka alfajiri hufika siku hiyo hiyo. Sisi tuliondoka saa saba mchana, kwa sababu fundi alikuwa hajamaliza mapazia. Giza likatukuta tumeshavuka Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, na Lindi bado iko mbali.

Wifi alitaka tutafute gesti. Kaka akasema, "Gesti si hii tumeipanda?" Mimi, mwandishi wa habari za afya, nikacheka na kunyamaza. Tukaegesha nyuma ya kituo kimoja cha mafuta. Taa zilikuwepo, mlinzi alikuwepo, tukaona tumepata pazuri. Choo nacho kilikuwepo, ila kilikuwa upande wa pili wa maegesho ya malori, hakina taa na mlango wake haufungi.

Mama ana presha. Anatumia dawa mbili, na mojawapo ni ile inayoongeza mkojo. Jioni ile alikataa chai, akakataa na maji. Nilipomuuliza akajibu, "Mwanangu, nimeshiba." Sikuuliza tena.

Usiku tulifunga vioo kwa sababu ya mbu, joto likatuzidi. Tukafungua, mbu wakaingia. Mtoto alilia hadi saa nane. Kaka, ambaye ndiye aliyetakiwa kushika usukani asubuhi, alilala saa mbili au tatu tu.

Kesho yake tulipokaribia Masasi mama akasema kisogo kinamuuma na macho yanaona ukungu. Tukasimama kwenye zahanati ya kwanza tuliyoiona. Kipimo kilisoma 186 kwa 108. Muuguzi akamuuliza taratibu, "Mama, dawa umemeza lini mara ya mwisho?" Mama alinitazama mimi kwanza, ndipo akajibu: "Juzi."

Hakumeza siku ya kuondoka ili asitusimamishe njiani kila mara. Asubuhi ya pili hakumeza pia. Na usiku hakunywa maji kwa sababu aliogopa kupita gizani na khanga yake katikati ya madereva asiowajua. Haya yote alikuwa ameyapanga peke yake, kimya kimya, huku mimi nimelala pembeni yake.

Alipumzishwa, akapewa dawa zake, na baada ya saa kadhaa presha ikashuka tukaruhusiwa kuendelea. Wengine hawapati bahati hiyo. Presha ikipanda namna ile inaweza kuleta kiharusi.

Mtazame aliye dhaifu kuliko wote

Tangu siku hiyo, nikiulizwa familia ilale wapi safarini, siulizi kwanza bei wala mandhari. Nauliza ni nani katika gari hilo ana mwili unaohitaji kuangaliwa zaidi: mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee wa presha au kisukari, mtu mwenye pumu. Mahali panapomfaa huyo patawafaa wote. Panapomfaa kijana mwenye nguvu peke yake, wengine watavumilia bila kusema, na mara nyingi wanaovumilia ni kina mama.

Cha kwanza basi ni choo. Shuka ukakione kwa macho kabla hujazima gari. Kiko umbali gani, kina taa, kinafungika, kuna maji? Mwanamke asiyekiamini choo hatakunywa maji. Kukaa bila maji na kubana mkojo kwa saa nyingi kunaongeza uwezekano wa UTI, na kwa mtu wa presha au kisukari madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi. Kwa anayetumia dawa ya kuongeza mkojo, muulizeni daktari kabla ya safari kama saa ya kuimeza inaweza kusogezwa. Asiamue mwenyewe kuiacha.

Cha pili ni mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, yaani saa zile zile mnazokuwa mmelala garini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Mtwara, mtoto mmoja kati ya watano walio chini ya miaka mitano waliopimwa alikuwa na vimelea vya malaria. Gari la kulalia lisilo na wavu kwenye madirisha ni mtego. Nunua wavu wa mbu, ukate kwa kipimo cha kila dirisha, uufunge vizuri pembeni. Usiegeshe karibu na dimbwi. Na mkisharudi mjini, mtu akipata homa wiki moja, mbili au hata zaidi baada ya safari, mpelekeni kupima na mumwambie mhudumu mlikotoka.

Cha tatu ni hewa, na hapa naomba wanaume wanisikilize. Msilale injini ikiwa inanguruma ili kupata ubaridi. Msiingize jiko la mkaa au la gesi ndani ya gari ili kupata joto, hata mkaa ukiwa umebaki makaa mekundu tu. Moto huo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na anayeivuta akiwa usingizini anaweza asiamke. Jiko libaki nje, na dirisha moja au mawili yenye wavu yabaki wazi.

Cha nne ni hospitali. Katika barabara yetu ya kusini tuna bahati. Ukitoka Lindi kwenda Masasi unapita Nyangao, yenye Hospitali ya Mtakatifu Walburga, kisha Ndanda, yenye hospitali ya Wabenediktini, na ukifika Masasi mjini kuna Mkomaindo. Mwenye mgonjwa garini alale karibu na mojawapo ya sehemu hizo, si katikati ya pori kwa sababu tu nyota zinaonekana vizuri.

Cha tano ni saa. Mfike kabla ya magharibi. Mahali palipochaguliwa gizani huwa pamechaguliwa na uchovu. Na dereva aliyekesha na mtoto analia ni hatari kwenu na kwa wengine barabarani. Mkiwa mnatembea, godoro libaki godoro: watu wakae kwenye viti na wafunge mikanda.

Cha sita ni mahali pa akiba. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, magari na abiria wakakwama. Msimu wa mvua usiegeshe bondeni wala kando ya mto. Kabla ya kuondoka uwe na majina ya sehemu mbili za kulala, na dawa za mgonjwa zizidi siku za safari walau kwa wiki moja. Dawa hizo zikae mkononi, zisiwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Kama mnapanda hadi Newala, ongezeni mambo mawili. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Maji husukumwa na mitambo kutoka mabondeni, na shida ya maji ni ya miaka mingi, kwa hiyo jazeni madumu kabla ya kupanda. Na Juni kule juu kuna baridi usiku, hivyo mtoto apate blanketi na soksi. Shimo la Mungu mkalitazame mchana, lakini msiegeshe pale ukingoni na kulala.

Na mahali ambapo hamna ndugu, piteni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Jitambulisheni, semeni mko wangapi na mnaondoka lini. Mgeni anayejulikana analala usingizi mzuri kuliko aliyejificha.

Uani kwa bibi

Tulifika Chiungutwa jioni. Bibi alipokea shikamoo zetu mlangoni, akamshika mama mkono bila kumwachia. Baada ya ugali na kisamvu, kaka akasema kwa heshima kwamba sisi tutalala garini ili tusimsumbue. Alidhani anamfanyia hisani.

Bibi alikaa kimya kidogo. "Yaani mjukuu wangu ufike kwangu ulale nje, kama mtu aliyekosa mwenyeji? Majirani wataniulizaje?"

Hili nalo ni la kufikiria. Wenzetu wa ng'ambo wanaweza kuegesha uwanjani kwa mtu na kulala garini, na mwenye nyumba asione vibaya. Kwetu, mgeni anayekataa chumba amekataa mengi. Kama gari lenu lina kitanda, mwambieni mwenyeji mapema, kwa simu, na mwacheni yeye apange nani alale wapi. Ndivyo tulivyomalizana. Mama, wifi na mtoto walipewa chumba, mimi nikalala na bibi, na kaka akaruhusiwa kulala garini chini ya mwembe kwa sababu alidai analinda betri. Choo kilikuwa hatua 10 kutoka mlango wa nyuma, na bibi alimwachia mama tochi yake.

Usiku huo niligundua chandarua cha bibi kimetoboka karibu kila mahali. Asubuhi nilichukua kile tulichokuwa nacho kwenye gari nikamfungia juu ya kitanda chake. Hatukurudi nacho Dar.

Wakati wa kurudi tulikaa chini tukapanga kabla ya kuwasha gari. Tuliondoka Chiungutwa alfajiri na kufika Kilwa Masoko jua likiwa bado liko juu. Tulichukua chumba kimoja cha gesti kwa shilingi 25,000, chenye choo humo humo, kwa ajili ya mama, wifi na mtoto. Mimi nikatandika mkeka humo ndani, kaka akalala garini uani, na mwenye gesti hakumtoza kitu. Gari la kulalia tulikuwa nalo, na gesti tulilipa. Ilikuwa ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari ile.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, nilimpelekea mama dawa zake na glasi ya maji. Safari hii nilisimama pale pale hadi ameze. Alizimeza, akanywa maji yote hadi tone la mwisho, akanirudishia glasi.

"Niongezee," akasema.