Dawa ya sukari haijui kama umekula



Mama ya mwenzetu mmoja, wa Kadutu, alikuwa siku ya pili ya kufunga na maombi. Chakula aliacha. Dawa yake ya sukari hakuacha, juu aliambiwa asiikose hata siku moja. Asubuhi wakamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, anasukuma kila anayemkaribia. Nyumbani wakasema ni pepo. Wakaomba mpaka saa sita. Alipofikishwa hospitali, tone moja la damu ya kidole lilitosha: sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Aliamka kwa serumu ya glukozi. Leo anatembea, anapika, lakini kuna majina ya wajukuu ambayo bado hayajamrudia.

Hatusimulii hii ili kucheka maombi. Wengi wetu tunafunga pia. Tunaisimulia juu ya namna ile dawa ilivyonunuliwa. "Mama, unataka ngapi?" "Nipe kumi." Basi, imeisha. Hakuna aliyeuliza umri, figo, wala kama kuna chakula nyumbani.

Kidonge chenyewe kinaitwa glibenclamide. Kinasukuma kongosho kutoa insulini, uwe umekula ama hujakula. Ndiyo tofauti yake na metformin, ambayo ikiwa peke yake ni vigumu kumuangusha mutu namna hiyo (ingawa na yenyewe ina hatari yake kwa mwenye figo zilizoharibika). Glibenclamide inaweza kufanya kazi mwilini siku nzima, na figo zikichoka inakaa zaidi. Na ni nani ana figo zilizochoka? Ni wale wazee wetu wenye sukari ya miaka mingi. Tangu 2013, orodha ya dawa muhimu ya OMS inaweka gliclazide mbele, na inasema wazi kwamba glibenclamide haifai kwa mutu aliyepita miaka 60. Tangu 2013! Wengine kati yetu tulikuwa bado shule ya msingi. Tumemaliza chuo kikuu, na mzee wa miaka 70 bado anahesabiwa vidonge vile vile ndani ya kipande cha karatasi, bila jina ya dawa wala tarehe ya mwisho.

Kuna pia mchanganyiko ambao hakuna anayetuambia. Mzee mwenye sukari akishikwa na malaria kali akawekwa kinini, kinini yenyewe inaweza kushusha sukari. Akikohoa, akajinunulia cotrimoxazole, ile tunayoita Bactrim, inaongezea glibenclamide nguvu. Akinywa kasiksi bila kula, ni vilevile. Kisha anaanguka njiani, na wapita njia wanasema, "Huyu mzee amelewa."

Lakini tusidanganyane, katika muji huu sababu kubwa ni njaa. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, mabenki yakafungwa, mishahara ikapotea, uwanja wa Kavumu ukanyamaza. Nyumba nyingi zinakula mara moja, jioni. Muganga anaandika "asubuhi na jioni, pamoja na chakula", na mzee anatii nusu ya maneno: dawa anayo, chakula hana. Kuna mababa wanaomeza asubuhi na kuwaachia watoto ile sambaza kidogo iliyobaki. Kumuambia mutu kama huyo "zingatia lishe bora" ni matusi.

Sasa tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Ni nani anakaa nyuma ya meza za zile farmasi ndogo za Essence, Panzi na Bagira? Mara nyingi ni sisi. Tuna diploma za uchumi, za sheria, za ualimu, kazi hakuna, shangazi ana kibanda cha dawa, tunakaa. Mwenzetu mmoja aliuza miezi minane kabla ya kujua kwamba kushuka kwa sukari kunaweza kuua haraka kuliko kupanda. Hakuwa mutu mubaya. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna mukaguzi aliyepita kumuuliza. Hatuwezi kupiga kelele juu ya serikali kila siku na kunyamaza juu ya mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo, kwa wanaoshika ofisi za afya za jimbo: sheria ya afya ya umma iko tangu Desemba 2018. Kuijua sheria na kuja kuhesabu kodi ya kibanda si kazi moja. Tunataka mukaguzi atakayeuliza ni nani anauza na anajua nini. Tunataka gliclazide ifike kwenye vituo vya afya, kwa bei ambayo mama muuza ndizi anaweza, na kila kituo kiwe na mashine ya kupima sukari pamoja na vijikaratasi vyake. Mashine bila vijikaratasi ni pambo, na mapambo ya namna hiyo tumeyaona ya kutosha.

Wakati tunangoja, kila mutu mwenye mzazi wa sukari ajue hii. Jasho la ghafla, kutetemeka, hasira bila sababu, maneno kuchanganyika: kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari nyingi mara moja, kisha chakula. Kama amezimia, usimimine kitu mdomoni, mukimbize hospitali. Na hata akiamka, usimrudishe nyumbani haraka, juu dawa bado iko ndani na sukari inaweza kushuka tena usiku. Akitaka kufunga, amuone muganga kwanza, mbele ya kumuona muchungaji.

Jumamosi hii tunaanza Kadutu, farmasi kwa farmasi, na karatasi moja ya maswali matatu ya kumuuliza mununuzi: Una miaka mingapi? Umekula leo? Unakunywa dawa gani nyingine? Juma linalofuata ni Essence, kisha Panzi. Wewe unayeuza dawa, tutakuja kwako pia. Hatuji kukufungia, tunakuletea karatasi.